Bei ya Siku 28

Mfanyakazi akiitwa ofisini asubuhi na kutoka mchana akiwa na barua mkononi, watu husema kapewa notisi ya saa 24. Msemo huo umezoeleka kazini, na umezoeleka vibaya, kwa sababu sheria ya Tanzania haina notisi ya saa 24 kwa mtu anayelipwa kwa mwezi. Kilichotokea ofisini ni kitu kingine kabisa. Mwajiri ameamua kutoa fedha mahali pa siku: badala ya kumwambia mtu afanye kazi siku 28 kisha waachane, amemwambia siku hizo zimeshalipiwa, kesho asije. Hayo ndiyo malipo badala ya notisi, na katika ukanda wa Mwadui, Shinyanga, Kahama na Geita, ambako migodi hufunguliwa na kufungwa na wakandarasi huja na kuondoka, hakuna njia ya kumwachisha mtu kazi iliyo rahisi kuliko hiyo. Mimi naona urahisi huo umetuchanganya. Malipo hayo hununua siku tu. Hayanunui sababu ya kumwondoa mtu, hayanunui kiinua mgongo chake, na hayanunui mdomo wake. Hata hivyo waajiri wengi huyatoa, na wafanyakazi wengi huyapokea, kana kwamba yamenunua vyote hivyo kwa mkupuo mmoja.

Tuanze na siku zenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 41 kama kilivyopitishwa, iligawa notisi mafungu matatu. Aliye ndani ya mwezi wake wa kwanza kazini anastahili siku 7. Baada ya mwezi huo, anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki anastahili siku 4, na anayeajiriwa kwa mwezi anastahili siku 28. Hicho ni kima cha chini. Mkataba unaweza kutaja muda mrefu zaidi, mradi muda huo uwe sawa kwa mwajiri na kwa mwajiriwa. Notisi iwe kwa maandishi, itaje sababu ya kuachana na tarehe iliyotolewa. Isitolewe mtu akiwa likizo, wala isiende sambamba na likizo yake. Hapo wengi huteleza: ile barua inayosema uende likizo ya siku 28 na ikiisha usirudi, imekula likizo na notisi kwa kijiko kimoja, na sheria hairuhusu. Kisha kifungu hicho hicho kinampa mwajiri mlango wa pembeni. Anaweza asitoe notisi, akalipa ule ujira ambao mfanyakazi angeupata kama angefanya kazi katika kipindi cha notisi.

Neno la kushika hapo ni ujira. Sheria hutofautisha mshahara wa msingi na ujira wote. Mshahara wa msingi ni ule wa saa za kawaida za kazi, ukiwa mtupu bila posho. Ujira ni thamani ya malipo yote yatokanayo na ajira, yawe ya fedha au ya vitu. Kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa msingi. Malipo ya notisi hupigwa kwa ujira. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ana mshahara wa msingi wa shilingi 600,000, posho ya nyumba 120,000 na ya usafiri 60,000, jumla 780,000 kwa mwezi. Jedwali lililoambatanishwa na sheria linageuza mshahara wa mwezi kuwa wa wiki kwa kugawanya kwa 4.333, na siku 28 ni wiki nne kamili. Ukigawanya 780,000 kwa 4.333 na kuzidisha kwa nne unapata kama shilingi 720,000. Mhasibu akianza na 600,000, atafika kama 554,000, na shilingi 166,000 zitakuwa zimebaki kwa mwajiri bila mtu kuiba. Halafu tazama ujanja mwingine wa hesabu: siku 28 si mwezi. Mkataba ukisema notisi ni mwezi mmoja, mtu huyo anastahili 780,000 zote. Tofauti ya shilingi 60,000 imekaa katika maneno mawili ya mkataba ambao watu wengi husaini bila kuugeuza ukurasa wa pili.

Wazo kwamba fedha ya notisi ndiyo bei kamili ya kumwachisha mtu halikuzaliwa Usukumani. Asili yake ni mahakama za Uingereza. Mwaka 1909 Bunge la Malodi, lililokuwa ndiyo mahakama ya mwisho ya rufaa, liliamua shauri la meneja mmoja aitwaye Addis dhidi ya kampuni ya Gramophone. Addis alikuwa akiendesha biashara ya kampuni hiyo Calcutta, India, na mkataba wake ulitaka apewe notisi ya miezi sita. Kampuni ikampa notisi, lakini papo hapo ikamweka mtu mwingine kwenye kiti chake na kumzuia asifanye kazi. Malodi walikubali kwamba alistahili mshahara wa kipindi cha notisi na kamisheni ambayo angeipata. Kwa fedheha ya kutolewa namna ile, na kwa ugumu wa kupata kazi nyingine baada ya jina kuchafuka, walisema hapati kitu. Katika fikra hiyo mkataba wa kazi ni kama wa kukodi mkokoteni: ukimaliza kulipa siku zilizotajwa, hudaiwi maelezo. Tanganyika ilipowekwa chini ya Waingereza, sheria hiyo ya kimahakama ilipokewa kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu ya Addis ikaja nayo mzigoni.

Baada ya uhuru mambo yalianza kugeuka. Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964 ilibana uwezo wa mwajiri wa kumfukuza mtu papo kwa papo, ikaleta kamati za wafanyakazi na kanuni za nidhamu. Lakini hatua kubwa ilikuwa ile ya 2004, ambayo iliweka wazi kwamba kumwachisha mtu kazi si halali mpaka mwajiri athibitishe mambo mawili: kwamba alikuwa na sababu ya kweli na ya haki, iwe mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake au mahitaji ya uendeshaji wa kazi, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Hili si jambo la Tanzania peke yake. Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, umejengwa juu ya mawazo hayo hayo, na ndani yake notisi na sababu zimewekwa katika ibara tofauti. Kutenganishwa huko ndiko kiini cha hoja yangu. Notisi hujibu swali la lini. Sababu hujibu swali la kwa nini. Fedha inaweza kujibu la kwanza, haiwezi kujibu la pili, na kifungu cha 41 kikaliandika hilo bila kuficha: hakuna chochote ndani yake kinachoondoa haki ya mfanyakazi kupinga uhalali au uadilifu wa kuachishwa kwake.

Kama mtu bado ana shaka kwamba ni vitu viwili, amtazame mwenye miezi minne kazini. Sehemu ya sheria inayozuia kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Lakini notisi anastahili, na asipopewa anastahili malipo yake, kwa sababu hiyo iko katika sehemu nyingine ya sheria. Ana haki ya siku bila haki ya sababu. Sasa mgeuze: mwenye miaka minane aliyelipwa siku zake 28 mpaka senti ya mwisho. Huyo siku zake kapewa, na sababu bado anadai. Mtu aliyekulipa deni moja hajakulipa yote mawili.

Tofauti hii huuma zaidi mgodi unapopunguza watu. Ukanda huu umeyaona mengi ya namna hiyo. Golden Pride ya Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi nchini, ulimaliza uhai wake katika miaka ya 2013 na 2014. Tulawaka ya Biharamulo ilisimama 2013. Bulyanhulu ilipunguza shughuli mwaka 2017, miezi michache baada ya serikali kuzuia makinikia kusafirishwa nje mwezi Machi. Almasi ya Mwadui ilisimamishwa Aprili 2020 soko lilipoanguka. Buzwagi, pale Kahama, ikafikia mwisho wake mwaka 2021. Katika kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji, sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia yake mara tu anapoanza kufikiria jambo hilo, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuepuka au kupunguza upunguzaji, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda, na malipo. Mazungumzo hayo hayana bei ya mbadala. Hakuna kifungu kinachosema kwamba mwajiri anaweza kulipa fedha badala ya kushauriana. Anayeita watu mia ukumbini Ijumaa na kuwagawia bahasha za notisi amelipa kitu kimoja na kuacha kingine. Na mgodi, kwa tabia yake, hauna kisingizio kizuri cha haraka. Mwenye mgodi hujua miaka kabla ya wengine mwamba umebakiwa na nini.

Hapa mtetezi wa waajiri atasimama, na nadhani ana haki ya kusikilizwa kwa sehemu. Atasema mgodi wa dhahabu si duka la vitabu. Huwezi kumwambia mtu hana kazi, kisha ukamwacha wiki nne karibu na chumba cha dhahabu, ghala la baruti, au usukani wa lori la mgodi lenye uzito wa tani nyingi. Mwenye uchungu anaweza kuharibu kwa dakika moja kitu ambacho hakitengenezeki kwa mwaka. Hata asiye na nia mbaya, kichwa chake hakiko kazini, na chini ya ardhi kichwa kisichokuwepo huua watu. Nakubali yote hayo. Ndiyo maana sheria iliweka mlango wa pembeni, na sitaki uzibwe. Lakini tazama hoja hiyo inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba mtu aondoke mara moja. Haithibitishi kwamba aondoke bila kuelezwa. Anaweza kuzuiwa getini leo, kadi yake ikafutwa kwenye mfumo, na bado barua ikawa na sababu iliyoandikwa kwa maneno yanayoeleweka, na kabla ya barua hiyo akawa ameshasikilizwa kuhusu tuhuma zake. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007, zinaruhusu hata mtu asimamishwe kazi kwa malipo wakati shauri lake linaendelea. Usalama wa baruti unalindwa kwa kufunga geti, na geti linaweza kufungwa bila kufunga masikio.

Tena kuna wasiostahili notisi wala malipo yake. Kosa kubwa la nidhamu, kama wizi, udanganyifu au uzembe mkubwa, likithibitishwa kwa utaratibu, mwajiri anaweza kuachana na mtu bila notisi. Jambo hili huleta kioja ambacho si nadra: barua inamtuhumu mtu kwa wizi wa mafuta ya dizeli, halafu aya inayofuata inamlipa mwezi mmoja badala ya notisi. Ukiisoma kwa makini unajiuliza. Kama aliiba na mkaithibitisha, mnamlipia nini siku ambazo hazistahili? Na kama hamkuthibitisha, neno wizi linafanya nini kwenye barua? Fedha hiyo mara nyingi ni ya kutuliza, na anayetulizwa ana haki ya kujiuliza anatulizwa asifanye nini.

Pingamizi la pili hutoka kwa wafanyakazi wenyewe, na ni zito kuliko la waajiri. Wengi huipenda fedha ya notisi. Nani anataka kutumikia wiki nne mahali asipotakiwa? Chukua chako, uende zako. Naelewa, ila nadhani tunaihesabu siku kwa bei ya chini. Kipindi cha notisi si mshahara tu. Ni muda ambao mtu bado ana bima ya matibabu ya kazini, bado analala kwenye nyumba ya kampuni, bado anaweza kuomba kazi kwingine akiwa ndani ya kazi, bado anaonana na watu wa chama na anaweza kuomba nakala za karatasi zake. Mwadui, kwa mfano, ilikua tangu miaka ya 1940 kama mji wa kampuni, wenye nyumba, hospitali na shule ndani ya uzio. Katika mahali pa namna hiyo kazi ikiondoka, kitanda nacho kinaondoka. Kwa hiyo anayelipwa badala ya notisi aangalie kama thamani ya nyumba aliyokuwa akikaa na vitu vingine alivyokuwa akipewa vimeingia kwenye hesabu. Ujira, tulisema, ni wa fedha na wa vitu.

Aangalie pia nauli, kwa sababu hapo ndipo mashauri mengi yamejificha. Mkataba ukivunjwa mahali ambapo si alipoajiriwa, mwajiri ama amsafirishe na mizigo yake, ama alipie usafiri huo, ama ampe posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na mahali alipoajiriwa. Na kwa siku zilizo kati ya kuachishwa na kusafirishwa, amlipe fedha ya kujikimu. Mwajiri anayelipa notisi haraka na kuchelewesha nauli anadhani amemalizana na mtu, kumbe saa inaendelea kuhesabu. Deni la kujikimu linaweza kuja kulizidi lile la notisi mara nyingi. Lakini mfanyakazi naye asijidanganye. Sheria inasema mahali alipoajiriwa, haikusema kwao. Mzaliwa wa Tarime aliyefuata kazi mwenyewe hadi Kahama na kusainishwa mkataba Kahama hana nauli ya Tarime. Aliyetolewa Dar es Salaam kwa barua ya ajira iliyotaja Dar es Salaam anayo. Mstari mmoja wa mkataba, tena ule ambao hujazwa kwa kalamu na karani, huamua.

Ibadakuli ni mahali pazuri pa kuona jinsi haki hizi zinavyotofautiana kwa watu wanaopita barabara moja. Kata hii ya pembezoni mwa Manispaa ya Shinyanga ina uwanja wa ndege, ambao miaka ya karibuni umekuwa ukipanuliwa, na ina kituo cha kupozea umeme, mwisho wa ile njia kubwa ya kilovolti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida. Ndani ya uzio wa kituo kuna mtumishi wa shirika la umma. Nje ya uzio kuna kibarua wa mkandarasi anayechimba mtaro. Kibarua anayelipwa kwa siku, akimaliza mwezi wa kwanza, notisi yake ni siku 4. Mkandarasi akimwambia jioni asirudi kesho, kibarua anamdai ujira wa siku 4, jambo ambalo vibarua wengi hawajawahi kuambiwa na ambalo, kwa udogo wake, hakuna anayepanda bodaboda kwenda kulidai. Mtumishi wa umma anafuata njia nyingine. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 katika Sheria ya Utumishi wa Umma, anatakiwa amalize kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kugusa njia za sheria za kazi. Akikimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayojulikana zaidi kwa herufi za CMA, ataambiwa amegonga mlango usio wake, na siku zake zitakuwa zimekwenda.

Wapo pia wa katikati, wenye mkataba wa muda maalumu. Kwa kanuni za mwaka 2017 mkataba huo usipungue miezi 12, na muda wake ukifika huisha wenyewe bila notisi. Hilo ni kweli kama mwajiri hakumjengea mtu matumaini ya kuuhuisha. Kwa wakandarasi wa migodini hii ndiyo namna ya kawaida ya kuajiri, na kwao malipo badala ya notisi huibuka tu pale mkataba unapokatwa katikati. Hapo siku 28 ni sehemu ndogo ya swali. Swali kubwa ni miezi iliyobaki.

Mizani ina upande wa pili, ambao makala nyingi za haki za wafanyakazi huuruka. Mfanyakazi anayeacha kazi naye anadaiwa notisi. Yuko katika mgodi mmoja, anaitwa na mgodi mwingine, mshahara mnono, aanze Jumatatu. Sheria ya 2004 ilivyoandikwa ilimtaja mwajiri ndiye anayeweza kulipa badala ya notisi; kwa mfanyakazi ilisema kwamba akikataa kutumikia notisi, mwajiri anaweza kukata kiasi cha siku hizo kwenye fedha anazodaiwa na mfanyakazi huyo. Kenya, katika Sheria ya Ajira ya 2007, imeuweka mlango huo wazi kwa pande zote mbili: yeyote anaweza kumlipa mwenzake ujira wa kipindi cha notisi na kuondoka. Naona hiyo ni haki zaidi, na kwetu watu wamekuwa wakifanya hivyo kwa kuelewana. Ila mipaka ijulikane. Kinachokatwa ni fedha iliyo mikononi mwa mwajiri, kama mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi na likizo isiyochukuliwa. Michango iliyo NSSF si ya mwajiri kuikata wala kuishikilia. Cheti cha utumishi nacho ni haki ya kila anayeondoka, kwa heri au kwa shari.

Je, siku 28 zinatosha? Kwa maoni yangu, sheria yetu hapa ni bapa mno. Mwenye miezi miwili na mwenye miaka 15 wanapata notisi ile ile. Uganda, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, imepanda ngazi: wiki mbili kwa aliyepita miezi sita, mwezi mmoja baada ya mwaka, miezi miwili baada ya miaka mitano, mitatu baada ya kumi. Uingereza huongeza wiki moja kwa kila mwaka mpaka 12. Mantiki yake inaeleweka. Aliyekaa sana amezama sana. Amejenga, watoto wako shule za hapo, ujuzi wake umekuwa wa mashine za kampuni moja. Mtu atajibu kwamba kwa miaka kuna kiinua mgongo, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika. Ni kweli, lakini kina kikomo cha miaka kumi, na kinalipia kilichopita wakati notisi inalipia kinachokuja. Mtu mwingine atasema ngazi hizo zitawaua waajiri wadogo, mwenye kinu cha kukoboa mpunga au mwenye leseni ndogo ya uchimbaji. Huyo namkumbusha kwamba hakuna anayelazimishwa kulipa badala ya notisi. Notisi ya kutumikia haina gharama ya ziada: mtu anafanya kazi, analipwa kwa kazi yake. Anayelipa fedha bila kazi ni yule aliyetaka mtu aondoke leo, na haraka yake ni yake. Mpaka sheria ibadilike, njia iliyo wazi ni mkataba wa hiari. Vyama vya wafanyakazi kama TAMICO na NUMET vinapokaa na waajiri kujadili nyongeza, muda wa notisi kwa miaka ya utumishi uwe mezani pia, kwa sababu sheria inaruhusu muda mrefu zaidi pande zikikubaliana.

Turudi kwenye ile barua. Chini yake huwa pana mstari wa sahihi, na juu ya mstari sentensi ya kwamba nimepokea stahiki zangu zote na sina madai mengine. Kusaini kwamba umepokea fedha ni jambo moja. Ulichopokea kilikuwa chako hata hivyo, na kukipokea hakufuti haki ya kupinga sababu. Kusaini hati ya kuachana kwa makubaliano ni jambo jingine, kwa sababu kanuni zinatambua kwamba pande mbili zinaweza kuuvunja mkataba kwa hiari, na aliyekubali kuondoka hawezi kirahisi kugeuka na kusema aliondolewa. Karatasi hizo mbili hufanana, hutolewa kwenye meza moja na kwa kalamu moja. Mtu asome kichwa cha karatasi kabla ya tarakimu, na kama ni ya makubaliano, aombe aende nayo nyumbani alale nayo.

Kisha ahesabu siku upya, safari hii zake mwenyewe. Shauri la kupinga kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa; madai mengine, kama ya nauli au likizo isiyolipwa, yana siku 60. Mtu aliyelipwa badala ya notisi ameachishwa tarehe ya barua, na siku hizo zimeshaanza kukimbia akiwa bado getini anasubiri usafiri. Fedha aliyopewa ni ya siku 28. Akiamua kwanza aile, apumzike, aende nyumbani kwa wazazi akafikirie, fedha itakwisha na zitakuwa zimebaki siku mbili za kujaza Fomu Namba 1, kumpa mwajiri nakala na kuifikisha nyingine ofisi ya CMA mjini Shinyanga. Akizipita hizo, atalazimika kwanza kuomba aongezewe muda na kueleza kila siku aliyochelewa alikuwa wapi.